Mama Mkwe Kwenye Kiti cha Dereva

Tangu nirudi Migori, kila anayenikuta kwenye kinu changu cha posho ananiuliza swali lile lile, na anauliza huku akizuia kicheko. Ni kweli ulilala chini ya gari, mama mkwe wako amekaa kwenye kiti chako? Wengine wameshaongeza chumvi. Nimesikia kwamba nilimfokea, kwamba alinikanyaga kichwa, kwamba tulitozwa mbuzi. Nimechoka kueleza nusu nusu huku mashine inanguruma. Ninaandika mara moja, someni, halafu mniache nisage unga.

Uani kwangu

Gari langu ni kuukuu na linajijua. Majuzi breki za mbele zilianza kung'ang'ania, gari linavuta upande mmoja kama punda mkaidi, nikaambiwa kalipa zote mbili zimekwama. Kalipa ni kile chuma kinachobana diski ya gurudumu ukikanyaga breki. Nikanunua mbili nyingine, nikazifunga mwenyewe uani. Mtu anayefungua kinu na kukirudisha, gari litamshinda nini?

Kilichobaki ni kutoa hewa kwenye mfumo, na hiyo si kazi ya mtu mmoja. Mmoja anakaa ndani, anakanyaga pedali na kuishikilia. Mwingine yuko chini, anafungua niple, yaani ile skrubu ndogo yenye tundu kwenye kalipa, mafuta ya breki yatoke pamoja na viputo vya hewa. Kisha anaifunga kabla mwenzake hajaachilia, la sivyo hewa inarudi ndani. Jirani yangu Ochieng', ambaye ni kinyozi, alinikanyagia mpaka akalalamika goti. Mafuta yalitoka safi, bila kiputo hata kimoja. Hata hivyo pedali ilikuwa laini, inazama kwanza ndipo inashika.

"Itajikaza ikitembea," nikamwambia.

"Yawa, hiyo ni breki, si kiatu kipya," akasema Ochieng'.

Nilimcheka. Jioni hiyo mke wangu Boke akanipigia simu kutoka Kisegi, alikokuwa ametangulia kusaidia kupika. Mama yake mkubwa, Gati, alikuwa anazikwa kesho yake. Kazi yangu ilikuwa moja: kumchukua mama mkwe kwake karibu na Ogwedhi na kumfikisha Kisegi kabla dada yake hajateremshwa kaburini. Katika watoto wa boma lao alikuwa amebaki yeye tu. Asipofika, hakungekuwa na mtu wa kusimama mbele ya watu na kusema marehemu alikuwa mtoto wa nani.

Ogwedhi hadi Rongo

Niwakumbushe kwamba mimi ni Mjaluo na mama mkwe wangu ni Mkuria, na lugha yetu ya kuelewana ni Kiswahili. Haya kati ya mkwe na mama mkwe kwetu ipo, lakini kwao ina uzito mwingine kabisa. Vijana wamelegeza, yeye hajalegeza hata uzi. Hanitazami usoni, nami simtazami. Hatushikani mikono. Sijawahi kumwona akitafuna, na yeye hajaniona.

Kwa hiyo alipotoka na kifurushi chake na chupa ya maji, nilifungua mlango wa nyuma upande wa kushoto, mbali kabisa na kiti changu, nikasogea kando. Aliingia, akajifunika shuka yake nyekundu mpaka kwenye paji la uso. Nilipokaa nikainua kioo cha ndani kikatazama paa, macho yetu yasije yakakutana. Nilikuwa naendesha kwa vioo vya pembeni tu.

"Twende, Baba Akinyi," alisema. Akinyi ni binti yangu wa kwanza. "Dada yangu hajazoea kungoja."

Ilikuwa siku ya soko la mifugo. Hatujafika mbali, kundi la ng'ombe likamwagika barabarani kutoka kichakani, na nyuma yao Mmasai mrefu akitembea kama mwenye siku nzima. Nilikanyaga breki. Pedali ilizama, gari likaendelea kuteleza mbele. Nikaachilia, nikakanyaga tena kwa haraka, ndipo likashika. Bamba la mbele lilisimama karibu kabisa na mbavu za fahali mmoja, naye akageuka kunitazama bila hofu yoyote.

Mmasai akapiga boneti kwa fimbo yake. "Huyu si wa kuuza! Kama unataka nyama, soko liko kule!"

Nilicheka kwa sauti, ili Mama asikie kwamba mambo ni mazuri. Kutoka hapo nikajua siri ya gari langu: ukikanyaga mara moja halisimami, ukikanyaga mara mbili linafikiria.

Mtaniuliza mbona sikumwambia. Umwambie nini mama mkwe? Kwamba gari ulilomfungulia mlango kwa heshima zote halina breki, na wewe ndiye fundi? Nilinyamaza. Yeye pia alinyamaza. Lakini kila nilipokanyaga, nilisikia kiatu chake kikigusa sakafu kule nyuma, tap, nikadhani ananyoosha miguu.

Rongo hadi Homa Bay

Baada ya Rongo kulikuwa na kizuizi cha polisi. Niliona ile misumari barabarani kwa mbali, nikaanza kukanyaga mapema, nikashusha gia, bado gari likampita askari polepole kama limemdharau. Nilivuta breki ya mkono, tukasimama karibu na misumari.

Askari alikuja akitembea, hana haraka, na hilo ndilo linalotisha. "Wewe dereva, mkono yangu hukuiona?"

"Niliiona, afande. Pole sana."

"Uliiona na ukaenda kuiangalia kutoka mbele?" Akainama dirishani, akamwona Mama ndani ya shuka yake. Sauti ikashuka. "Shikamoo, mama. Mnaenda wapi?"

"Kuzika," alisema Mama.

Askari alivua kofia. Kisha akanivuta kando, akaniambia taratibu: "Bwana, hiyo gari ina shida. Ukifika Homa Bay utafute fundi. Umebeba mama ya watu."

Nikasema ndiyo afande, na kwa kweli nilikusudia. Tulipofika Rodi njaa ikanishika. Nilimwomba mama wa hoteli ampelekee Mama sahani yake garini, nami nikaingia ndani nikala samaki na kuon, ugali wa kwetu, Mama asinione. Yule mama wa hoteli alirudi akitikisa kichwa. "Huyo mama unaogopa nini? Ni mpole. Lakini ameniuliza kama barabara ya mbele iko na milima."

Sikulielewa swali hilo hata kidogo. Nilidhani anauliza habari za mandhari.

Tunaingia Homa Bay, Boke akapiga simu tena. Okeyo, mtoto mkubwa wa marehemu, alikuwa amewaambia watu hawatangoja, wingu zito lilikuwa linatoka ziwani na kaburi lingejaa maji. "Mko wapi? Jeneza liko nje tayari." Nikatazama gereji zilizo kando ya barabara, na mafundi wamekaa juu ya magurudumu wakinywa soda. Fundi angefungua, angeita mwenzake, wangebishana, saa zingekwenda. Nikapita. Nimeshalaumiwa na Boke kwa hilo, msinirudie.

Mteremko wa kuelekea Mbita

Barabara ya kwenda Mbita ni lami nzuri, na uzuri wake ndio ubaya wake, maana gari linakimbia lenyewe. Kuna mahali inashuka ikikunja, kulia mwinuko wa mawe, kushoto bonde na mashamba. Nilishusha gia ya pili juu kabisa. Nilikanyaga, pedali ikaenda mpaka chini. Nikarudia. Chini. Mara ya tatu ikashika kidogo na ikaachia, na kwenye kona mbele yangu nikaona wanawake wawili wenye mabeseni kichwani.

Nilipiga honi bila kuachilia. Nilivuta breki ya mkono, nyuma ya gari ikaanza kuyumba. Wale wanawake waliruka mtaroni, mabeseni yakaanguka. Kando ya barabara waliotengeneza lami walikuwa wameacha rundo la marram, ule udongo mwekundu wa changarawe. Sikufikiri chochote, nilielekeza pua ya gari kwenye rundo lile. Tulipanda juu yake kwa kishindo, injini ikazima, vumbi likaingia ndani, kukawa kimya.

Sikugeuka. Hata hapo sikugeuka, jamani. "Mama?" niliita nikitazama mbele.

Nikaona nimemuua mama wa mke wangu siku ya mazishi ya dada yake.

"Niko," alisema mwishowe. "Baba Akinyi, hiyo breki haiko. Mimi nimeikanyaga hapa nyuma tangu kwa wale ng'ombe mpaka mguu umechoka."

"Ulijua, Mama?"

"Nilijua. Ningekwambiaje?"

Nilitoka nje nikawaomba msamaha wale wanawake. Walinitukana kwa Kijaluo safi, nikakubali kila neno, nikawaokotea nyanya zao na wakaenda zao.

Kando ya barabara

Nilikuwa na jeki, spana zangu, panga na chupa ya mafuta ya breki iliyobaki nusu. Nilirudisha gari kwenye usawa, nikaweka mawe kwenye magurudumu ya nyuma, nikavua gurudumu la mbele. Mwenye baiskeli aliyebeba omena, wale dagaa wa ziwani, akasimama kunitazama, nikamwomba anikanyagie. Alikuwa na moyo mzuri na mguu mbaya. Nikisema shikilia, anapiga pampu kama anajaza upepo. Nikisema ngoja, ameachilia. Kila kosa lake lilimwaga mafuta mchangani. Tulipoelewana hatimaye, mafuta yakatoka safi, bila kiputo, kama yalivyotoka nyumbani. Na pedali ikabaki laini vile vile.

"Ndugu, omena haingoji," akasema, akapanda baiskeli yake.

Nilikaa chini. Sikujua la kufanya, na sioni aibu kusema nilitaka kulia. Upande wa pili wa gari Mama alikuwa ameshuka, amekaa juu ya jiwe, amenipa mgongo. Aliinua ile chupa yake ya maji akanywa. Niliona kwa mbali tu, kwa pembe ya jicho: chupa imeinama, maji yako mdomoni, na hewa yote imepanda ikakaa kwenye kitako cha chupa, juu.

Nikageuka kuitazama kalipa. Niple ilikuwa chini. Nikakimbia upande wa pili, nikalala kifudifudi kuchungulia nyuma ya gurudumu. Na ile pia ilikuwa chini.

Nilikuwa nimezibadilisha. Ya kulia nimeifunga kushoto, ya kushoto nimeifunga kulia. Zinafanana kabisa, zinaingia bila kulalamika, lakini tundu la kutolea hewa linageuka kutazama ardhi. Hewa haishuki, jamani. Ningekanyagiwa na kijiji kizima, mafuta safi yangeendelea kutoka chini na hewa ingekaa pale juu imestarehe. Nilijitukana kwa lugha zote ninazozijua, polepole, kwa sababu ya Mama.

Dawa niliiona mara moja. Kuzihamisha upande kwa upande kungechukua muda na kumaliza mafuta. Lakini naweza kuing'oa kalipa kwenye diski, mpira wake wa mafuta ukiwa bado umeunganishwa, niichomekee kipande cha mti kati ya pedi zake mbili za kubania ili zisijifunge, niishike mkononi niple ikitazama juu, na hewa itoke. Nikaokota kuni, nikaichonga kwa panga mpaka ikawa nene kama diski. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa mguu. Barabara ilikuwa tupu kote. Simu ikalia, Boke tena: sala zimeanza.

Mama alisikia. Alisimama. "Mimi niko na mguu," alisema.

"Mama, haiwezekani."

"Kwa nini?"

Alijua kwa nini. Kukaa kwenye kiti changu, penye joto la mwili wangu, na mimi nimelala chini karibu na miguu yake. Kwao jambo hilo hata halina jina. Nilisema kitu kama heshima, kama wazee watasemaje.

"Wazee wako wapi hapa?" Alivua shuka yake kichwani, ikawa mara ya kwanza kuona mvi zake, nikageuza uso upesi. "Funga hii kwa mlango. Wewe ukae huko, mimi nikae huku."

Nikafungua mlango wa dereva, nikabana pindo moja la shuka juu ya paa kwa mawe, nikalifunga jingine kwenye kioo cha pembeni. Ikawa pazia. Nilimsikia akipanda, nikalala chini kwenye vumbi na kalipa mkononi.

"Mama, naomba kwa hisani yako ukanyage polepole hiyo pedali ya katikati, na tafadhali..."

"Nimekanyaga zamani. Nimeachilia."

"Basi Mama, nisamehe, naomba urudie, halafu kama hutajali..."

"Baba Akinyi!" Sauti yake ilikata pazia. "Hii heshima yako inamaliza mafuta. Sema kanyaga. Sema shika. Sema achilia. Tukimaliza utaniheshimu."

Katika miaka yote ya ndoa yangu sijawahi kumwambia hata njoo. "Kanyaga," nikasema.

"Nimekanyaga."

"Shika."

"Nimeshika."

Nikafungua niple. Ilitoa mlio, ssss, hewa tupu, ndefu, kisha povu, kisha povu na mafuta. Nikafunga. "Achilia!" Nadhani nilipiga kelele. "Mama, imetoka! Imetoka!"

"Usiniambie hadithi. Sema kanyaga."

Mguu wake ulikuwa thabiti kuliko wa Ochieng'. Hakuachilia kabla ya neno hata mara moja. Baina ya kukanyaga nilikimbia kuongeza mafuta chini ya boneti, nikapima kwa macho kilichobaki, nikarudi chini. Upande wa pili ulitaka mafuta mengi zaidi, chupa ikabaki na tone la kulamba, na viputo bado vinakuja. "Kanyaga. Shika." Kimoja. "Kanyaga. Shika." Kimoja kidogo. "Kanyaga."

"Baba Akinyi," alisema nyuma ya pazia, "sasa inanikatalia. Imekuwa ngumu kama jiwe."

Ni hapo basi la shule likapita, limejaa watu wa kwaya. Ndio waliowaletea nyinyi habari hii Migori.

Sindo hadi Kisegi

Baada ya Sindo lami ikatuaga. Nilijaribu breki kwenye kila kilima, si kwa sababu ya lazima, kwa furaha tu, na kila mara ilishika juu. Furaha haikudumu. Wingu lilikuwa jeusi juu ya ziwa na Boke hakushika simu. Karibu na soko la Kisegi ndipo Mama akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Unafikiri wamemaliza?"

"Hawajamaliza, Mama," nikasema. Sikujua lolote.

Bomani magari yalikuwa yamejaa mpaka barabarani. Hakuna nyimbo. Nilisikia sauti ya sepetu na udongo, na Mama aliisikia pia. Nikasimamisha gari, akafungua mlango mwenyewe, akatembea moja kwa moja kati ya watu bila kujifunika chochote kichwani. Nilimfuata nyuma. Kaburi lilikuwa limejaa nusu.

"Simamisheni," alisema.

Vijana walisimama. Okeyo, jasho likimtoka, alisema, "Mama mdogo, tulingoja. Mvua..."

Mama aliinama ukingoni, akasema maneno machache kwa Kikuria, ya yeye na dada yake tu. Kisha akainuka na kusema kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie.

"Nyinyi mnamjua huyu kama nyanya, kama mama ya Okeyo. Kabla ya hapo alikuwa msichana wa kwetu. Mama yetu alikufa mimi bado nanyonya. Huyu alinibeba kwa mgongo kila asubuhi mpaka kwa watu wenye ng'ombe, akawafanyia kazi, ndio mimi nipate maziwa. Wanaume walikuja kumposa, akawarudisha. Alisema, mtoto wangu bado mdogo. Huyo mtoto alikuwa mimi. Aliolewa huku kwenu wakati nimejua kupika. Alikuwa mtoto wa Mwita na Robi. Sasa mnajua." Alichukua udongo kwa mkono wake wenye vumbi la safari, akauachilia taratibu. "Sasa mzikeni."

Hakuna aliyeinua sepetu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya wanaume na machozi yananitoka, wala sikuyafuta. Okeyo, mtu mzima mwenye wajukuu, aliketi juu ya rundo la udongo.

"Mama mdogo," alisema, "mbona yeye hakutuambia?"

Mama mkwe wangu alimwekea mkono kichwani. "Hiyo ilikuwa kazi yangu," alisema. "Ndio maana nimekuja."